Filimbi na Nyimbo za Kisimani

Hariprasad Chaurasia, mpiga filimbi wa India aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa tayari na ajira redioni alipomwendea Annapurna Devi amfundishe. Mwalimu huyo alimtaka aanze upya. Naye, kuthibitisha nia, akaihamisha filimbi yake ya mwanzi kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto. Walimu wa Garissa, mwanafunzi wenu wa Kisomali hana haja ya kusahau kitu. Muziki wa kwao una ngazi ya sauti tano, kama raga ya Bhupali. Mbona basi tumkaririshe nota za Kizungu kabla ya kumwomba aimbe wimbo wa kunyweshea ngamia? Lugha husikika kwanza, ndipo ikaandikwa. Somo la muziki nalo lianzie masikioni.