Kikomo cha madume wachanga kitaziba njia ya nani?

Kila ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka Uganda, hoja moja hurudi mezani: serikali iweke kikomo cha idadi ya ng'ombe wachanga wanaoingizwa kutoka Sudan Kusini na Congo kwa ajili ya kunenepeshwa. Wanaoitoa hoja hii si wajinga, wala si maadui wa wafanyabiashara. Mwaka 2024 karantini ilifunga minada katika wilaya zaidi ya 30 za nchi hii, na mfugaji aliyekaa miezi bila kuuza hata ng'ombe mmoja ana haki ya kuuliza wale wa jirani wanaingiaje.

Hata hivyo, kwa mtazamo wangu, tarakimu inayoandikwa wizarani Entebbe na kupelekwa Oraba na Vurra ili itekelezwe haitatibu ugonjwa huo. Itampa leseni mwenye nguvu na kumsukuma mdogo kwenye njia za panya.

Tuanze na biashara yenyewe. Anayenenepesha hatafuti ng'ombe mzuri. Anatafuta dume mchanga, mkondefu, mwenye mifupa mizuri na asiye na ugonjwa, amfungie kwa miezi mitatu hadi sita akimlisha pumba za mahindi, maganda ya mihogo yaliyokaushwa, majani ya karanga na machicha ya pombe. Kisha anampakia kwenye lori linalopita hapa Kuluva kuelekea Nebbi, Pakwach na Kampala. Faida yake imo katika ile miezi ya kulisha, si katika siku ya kuuza. Kwa hiyo bei ya kununulia ndiyo roho ya kazi hii, na ng'ambo ya mpaka bei hiyo mara nyingi iko chini. Wakati mwingine iko chini kwa sababu za kusikitisha, nami nitalirudia jambo hilo.

Wanaotaka kikomo hudhani kwamba biashara ya ng'ombe hapa ina upande mmoja: wao wanaleta, sisi tunapokea. La hasha. Wakati wa vita vya Sudan, soko la Khartoum lilipokuwa limefungwa kwa watu wa kusini, wafanyabiashara waliswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Bahr el Ghazal, wakapitia Yei hadi kwenye mpaka wetu, wakauza na kurudi na nguo, chumvi na sabuni. Mkataba wa amani ulipotiwa saini Januari 2005 na Juba ikaanza kukua, ng'ombe wa Uganda nao wakaanza kupelekwa kaskazini kulisha mji ule. Vita vikarudi Desemba 2013, vikafika Yei na vijiji vyake mwaka 2016, na mambo yakavurugika tena.

Binadamu wamepita njia hiyo hiyo. Amin alipoangushwa mwaka 1979, na mapigano yalipoingia West Nile mwaka 1980, ni sisi tuliokimbilia Sudan na Congo. Waliorudi katikati ya miaka ya 1980 wengi walikuta mazizi matupu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya wenzetu kuja huku, na kambi ya Bidibidi ikafunguliwa Yumbe mwezi Agosti mwaka huo. Mpaka unaogeuka namna hii hauwezi kuwekewa tarakimu ya kudumu. Kikomo kinachomlinda mfugaji wa Koboko leo ndicho ambacho upande wa pili utaturudishia siku tutakapokuwa sisi wauzaji.

Watetezi wa kikomo hupenda kutaja Ulaya. Ni kweli, Umoja wa Ulaya uliwahi kuwa na utaratibu wa aina hiyo hasa. Kanuni ya mwaka 2007 iliruhusu madume wachanga 24,070 kwa mwaka kuingia kwa ushuru nafuu kwa ajili ya kunenepeshwa, wasiozidi kilo 300, na mnunuzi alitakiwa awanenepeshe kwa siku zisizopungua 120. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, ile haikuwa marufuku ya kuzidisha. Aliyetaka kuleta zaidi alilipa ushuru kamili. Pili, kila ng'ombe kule ana hereni sikioni yenye namba, na namba hiyo imo katika daftari la serikali tangu azaliwe. Afisa akitaka kujua kama zile siku 120 zimetimia, anasoma. Hapa kwetu ng'ombe wa Kakwa wa Koboko na ng'ombe wa Kakwa wa Morobo, waliozaliwa kilomita chache kutoka kila mmoja, utawatofautishaje? Kwa lugha?

Kikomo bila hereni huhesabu wale tu wanaopita langoni. Leseni za kiasi kilichowekwa zikigawiwa, atakayezipata ni yule mwenye mtu wa kumfuatilia mambo Entebbe, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Mama mwenye madume wanne kutoka Aru hatakwenda huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea mdogo kama huyu cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016, Congo mwaka 2022. Haina maana kumfungulia mlango wa forodha kwa mkono mmoja na kumfungia wa idadi kwa mkono mwingine. Isitoshe, Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya inazitaka nchi wanachama kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, na kikomo cha idadi ni kikwazo cha namna hiyo.

Je, basi tuache ugonjwa uingie? Hapana. Hebu tukumbuke sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika tangu mwisho wa karne ya 19. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba umetokomezwa. Kusini mwa Sudan ilikuwa mojawapo ya ngome zake za mwisho, na mlipuko ulithibitishwa karibu na Torit mwaka 1998. Katikati ya vita, bila barabara wala majokofu, sotoka ilishindwa kwa chanjo inayostahimili joto na kwa wanavijiji waliofundishwa kuchanja ng'ombe wa majirani zao. Hakuna aliyehesabu vichwa mpakani. Waliifuata sotoka zizini kwake.

Ugonjwa wa miguu na midomo ni mgumu zaidi, maana virusi vyake ni vya aina kadhaa na chanjo ya aina moja haikingi dhidi ya nyingine. Lakini tunajua kwamba kwa kawaida dalili hujitokeza ndani ya siku 14. Hapo ndipo ningependa mjadala uhamie: kwenye boma la karantini.

Chukua mfano wa boma moja karibu na Oraba lenye nafasi, maji na malisho ya ng'ombe 300. Kila kundi likae siku 21, lipimwe, lichanjwe, livishwe hereni. Kwa mwaka boma hilo litapitisha makundi 17, yaani ng'ombe 5,100. Hicho nacho ni kikomo, lakini kimetokana na kazi inayofanyika, na kila mtu anaweza kukiona kwa macho. Biashara ikikua, linajengwa boma la pili. Ugonjwa ukionekana ndani, lango linafungwa na wale waliomo ndio wanaoshughulikiwa, si wilaya nzima. Siku 21 hazitoshi kufichua homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo hujificha muda mrefu zaidi, kwa hiyo damu lazima ipimwe. Na gharama? Mfanyabiashara atalipia malisho, jambo ambalo halimpotezei sana kwa kuwa angemlisha ng'ombe huyo hata hivyo.

Kuna sehemu moja ambayo ningekuwa mkali kuliko hata wanaotaka kikomo. Mtu anayekimbia bunduki hauzi kwa bei ya soko, na aliyemnyang'anya ng'ombe wake huuza kwa bei ya chini zaidi. Dume mchanga wa bei ya kutupa anayetoka kwenye eneo la mapigano huenda ana mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda yuko kambini Rhino au Imvepi, hatua chache kutoka mnadani. Kwa ng'ombe wa namna hiyo idadi yoyote ni kubwa mno, hata mmoja. Barua ya chifu wa kule alikotoka inayotaja alama na rangi ya kila ng'ombe isomwe langoni mbele ya wazee wanaozijua alama hizo, na waliorejea kutoka uhamishoni wawemo.

Tanzania ilijaribu ukali wa aina nyingine. Mwaka 2017 ilikamata na kunadi ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wakenya waliovuka kutafuta malisho. Kenya ililalamika, uhusiano ukaingia baridi, na walioumia zaidi walikuwa wafugaji wa Kimaasai, ambao ukoo wao uko pande zote mbili za ule mpaka.

Kwa sasa, anayevuka na madume wachanga kupitia Oraba au Vurra anatakiwa awe na kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Kilimo na Mifugo na cheti cha afya cha nchi walikotoka. Akishaingia, kuwahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kunahitaji kibali cha bwana mifugo wa wilaya. Wilaya ikiwa chini ya karantini, kibali hicho cha mwisho hakitolewi, hata kama karatasi nyingine zote zimekamilika. Kabla hujalipa dalali ng'ambo, mpigie simu bwana mifugo wa huku.