Makisio yakishushwa, nani kapiga kura?

Mkulima wa tumbaku mkoani Katavi, awe Katumba au Mishamo, hulima kwa mkataba. Chama chake cha msingi hukubaliana na kampuni juu ya makisio ya kilo na pembejeo za mkopo. Mkataba huo ukilegezwa, makisio yakashushwa au makato yakaongezwa, anayeumia ni yule aliyekwisha kujenga bani na kukusanya kuni. Je, aliulizwa?

Kwa mujibu wa sheria, alipaswa kuulizwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 imeufanya mkutano mkuu kuwa chombo cha juu cha chama. Katika chama cha msingi, mwenye ekari moja ana kura moja sawa na mwenye ekari kumi. Hata ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano huo, kisha Mrajis huuidhinisha.

Ugumu unaanzia ngazi ya juu. LATCU, chama kikuu chenye makao yake mjini Mpanda, hukutana kwa wawakilishi wa vyama vya msingi. Mwakilishi aliyekwenda bila maagizo ya wenzake hupiga kura ya kichwa chake, na wenzake hulipa.

Lipo pia suala la nani apige kura. Mkopo wa pembejeo hukopwa na chama, hivyo deni la asiyelipa huwageukia wote. Mwanachama ambaye hakulima msimu huu akinyoosha mkono kukubali makato mapya, anatoa fedha ya jirani yake.

Viongozi husema msimu hausubiri. Ni kweli. Mwaka 2018 kampuni ya TLTC ilipoacha kununua tumbaku nchini, wanunuzi walipungua, na mwenye marobota ghalani hana nguvu ya kubishana. Dawa yake ni kuamua mapema: mkutano wa chama cha msingi uweke kiwango cha chini ambacho mwakilishi haruhusiwi kukivuka bila kurudi kwa wanachama. Kura iwe ya siri, na masharti yasomwe siku kadhaa kabla.

Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu bila kuwauliza wakulima, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982. Wazee wanaukumbuka uamuzi ule ulioshuka kutoka juu. Mkutano ujao, mkulima, kabla ya kunyoosha mkono, omba kwanza kuusoma mkataba.