Meno ya Mbele: Tiba au Kubadili Maumbile?

Mama mmoja wa Iringa Mjini ametuletea suala. Zamani alianguka, meno mawili ya mbele yakavunjika, akavishwa kofia za chuma zilizofunikwa kauri. Leo fizi zimerudi nyuma, mstari wa kijivu umejitokeza, naye hucheka huku amejiziba kwa mtandio. Daktari amemshauri avae kofia mpya za kauri tupu. Mumewe anachelea kuwa huko ni kubadili maumbile ya Allah (s.w.). Binti yao, mwenye meno mazima, naye anataka ya kauri.

Tuanze na mama. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyepoteza pua katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kwa kisa hicho wanazuoni wengi wameruhusu kufunga meno kwa dhahabu panapo haja. Basi kauri, isiyo na katazo hilo, ina nafasi pana zaidi. Mama anarejesha kilichovunjika. Udhu na josho pia havimtaki aing'oe kofia iliyogandishwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kusukutua ni sunna.

Ama binti, hali yake ni nyingine. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Masud (r.a.) laana juu ya wanawake wanaotenganisha meno kwa kutafuta uzuri. Tena, ili jino livishwe kofia, daktari hulichonga gamba lake gumu la juu, na gamba hilo halioti tena. Kofia nayo haidumu milele, kama mama yake anavyoshuhudia. Aliyekuwa na jino zima atakuwa amejinunulia ugonjwa.

Mama apigwe picha ya eksirei kwanza, kwani mzizi ukioza kofia haina pa kusimama. Fizi zenye maradhi zitibiwe kabla ya vipimo. Rangi ichaguliwe kwenye mwanga wa mchana, ikilinganishwa na meno ya jirani. Gharama yote ijulikane mapema.

Nawe baba, hofu yako ni ya mcha Mungu, lakini mahali pake ni kwa binti. Mama umsindikize kwa daktari. Wallahu a'lam.