Mwelekeo wa maisha haupatikani kwa kukaa na kuwaza

FIKRA YA WIKI
Na Rehema Kisanga

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Tanzania hugeuka vyumba vya usaili. Mjomba anauliza, shangazi anauliza, jirani aliyekuja kutoa pongezi naye anauliza: haya mwanangu, unataka kuwa nani? Kijana wa miaka 17 hujibu "daktari" au "mhandisi", kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba majibu hayo humaliza maswali. Anayesema bado hajajua huonekana hana malengo. Na swali lenyewe linazidi kuja mapema. Tahasusi za Kidato cha Tano, ambazo zamani hazikupita kumi na kitu, ziliongezwa mwaka 2024 hadi kufika 65. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali tangu sekondari ya chini. Kenya nako, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, walioingia sekondari pevu Januari 2026, walitakiwa kuchagua kwanza moja ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

Sina ugomvi na mitaala hiyo. Milango mingi ni bora kuliko miwili. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma ya swali la mjomba, kwamba mwelekeo wa maisha ni kitu ambacho kila mtu huzaliwa nacho kikiwa kimekamilika, na kazi ya kijana ni kukitafuta moyoni hadi akipate, kisha ndipo aanze safari. Dhana hiyo imekuwa biashara. Wahamasishaji hujaza kumbi na kurasa za mitandao kwa ahadi ya kukusaidia "kugundua kusudi lako", na kijana hutoka pale na daftari lililojaa ndoto pamoja na hofu mpya: kama bado sijagundua, basi nina kasoro. Ninachosema mimi ni kinyume chake. Mtu haanzi kuona njia ndipo aende. Huiona kwa sababu ameanza kwenda. Kazi uliyoigusa kwa mikono yako hukuambia mambo ambayo tafakuri ya miaka mitatu haiwezi kukuambia: kama unastahimili kero zake, kama akili yako inaamka au inalala ukiifanya, na kama kuna watu wanaohitaji unachokitoa.

Tazama maisha ya Wangari Maathai. Dunia inamkumbuka kwa miti, na Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004 ilimfanya aonekane kama mtu aliyezaliwa na mche mkononi. Lakini alisomea biolojia Marekani, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na taaluma yake ilikuwa anatomia ya mifugo. Alipotoka maabara kwenda vijijini kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali, aliona ng'ombe waliokonda, mito iliyojaa udongo na ardhi iliyovuliwa miti. Baadaye, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji na chakula. Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo ya miche iliyoitwa Envirocare, lilikufa kwa kukosa fedha. Harakati ya Mkanda wa Kijani ilianza mwaka 1977, akiwa na miaka 37. Hakuna mshauri wa taaluma ambaye angeweza kumwandikia binti wa Nyeri mwaka 1959 kwamba njia yake inapita kwenye kupe. Ni kazi aliyokuwa akiifanya kwa bidii ndiyo iliyomfikisha mahali pa kuona.

Au mtazame Julius Nyerere. Alikwenda Makerere mwaka 1943 kusomea ualimu, akafundisha Tabora, akasoma Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Siasa hakuiingia kwa kurusha chaki hewani. Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, mwaka uliofuata TANU ikazaliwa, na wakati wote huo aliendelea kuwa mwalimu wa darasani. Ni mwaka 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa kuzungumzia Tanganyika, ndipo alipoacha ajira yake. Yaani uamuzi mkubwa ulikuja mwisho, baada ya hatua ndogo ambazo kila moja ilimwonyesha ukubwa wa kazi, uzito wake na kama anaiweza. Shaaban Robert naye anatufundisha jambo la tatu. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali, na huku akiandika mashairi na nathari ambazo leo ndizo tunazomkumbukia. Mwelekeo wake haukuwa cheo kilichoandikwa kwenye barua ya ajira. Mshahara ulimlisha yeye na familia, na kalamu ikamjenga.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Hao ni watu wachache waliofanikiwa, atasema; vipi kuhusu maelfu waliojaribu hiki na kile wakaishia kukaa kijiweni? Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana siwaleti mashujaa hawa kama ushahidi kwamba kila anayejaribu atashinda. Nawaleta kuonyesha jambo dogo zaidi: hata wale tunaodhani walijua tangu utotoni, hawakujua. Kama watu wenye vipaji hivyo walihitaji miaka ya kazi ili waone, ni kiburi kumdai kijana wa kawaida aone ndani ya wiki ya kujaza fomu. Serikali yenyewe inakubali jambo hilo kimyakimya, kwani baada ya matokeo hufungua mfumo ili wahitimu wa Kidato cha Nne waweze kubadilisha tahasusi na vyuo walivyochagua awali.

Pingamizi la pili ni la wazee wetu, nalo lina nguvu ya methali: mshika mbili moja humponyoka. Kijana akiruhusiwa kujaribu, ataruka kutoka tawi hadi tawi na hatamaliza kitu. Hatari hiyo ipo, na wapo wanaojificha ndani ya neno "najitafuta" ili wasifanye lolote. Lakini kujaribu na kutangatanga havifanani. Mkulima akiletewa mbegu mpya hajazi shamba zima. Hupanda matuta machache, huyahudumia sawasawa na mengine, husubiri msimu uishe, kisha huamua. Anayetangatanga hung'oa kabla ya mavuno na hajifunzi kitu, kwa kuwa hakukaa muda wa kutosha kuona. Kwa hiyo jaribio la kweli lina masharti: lina muda uliopangwa, lina kazi inayomalizwa, na mwisho wake lina hesabu. Nilipenda nini, nilichoka na nini, nani alinisifu na kwa lipi, na je, niko tayari kuvumilia ugumu wake kwa miaka kumi? Ukiyajibu hayo kwa ukweli na kuamua kuacha, umepiga hatua.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Kujaribu, watasema, ni anasa ya watoto wa wenye nazo. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga au wa mama lishe wa Kwale hana nafasi ya kukosea. Familia imeuza mbuzi ili asome, na inasubiri arudishe. Hilo ni kweli tupu. Ila linaelekeza upande mwingine na ule unaodhaniwa. Kwa kuwa maskini hana nafasi ya kukosea mara mbili, ndiye anayehitaji zaidi kukosea mapema na kwa bei ndogo. Kijana akigundua akiwa na miaka 17, baada ya wiki tatu za kusaidia zahanatini, kwamba hawezi kustahimili damu na vilio vya wagonjwa, amepoteza wiki tatu. Akigundua hilo katika mwaka wa pili wa chuo, amepoteza ada, pango, muda, na huenda mkopo ambao atadaiwa hata hivyo. Gharama ya kosa hupanda kila mwaka unaopita. Kumnyima mtoto wa maskini nafasi ya kuonja kazi kabla ya kuichagua ni kumbebesha kamari kubwa kuliko anayobebeshwa mtoto wa tajiri, ambaye baba yake atamlipia kozi nyingine.

Tena muda wa kufanya hivyo upo, tunautupa tu. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na masomo ya Kidato cha Tano huanza Julai. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ambayo vijana wengi huimaliza kwenye simu, au kwenye kozi za kuwahi mada za tahasusi ambayo bado hawajui kama wanaitaka. Katika miezi hiyo kijana anaweza kukaa gereji, kwenye duka la dawa, shambani kwa bwana shamba, kwa fundi umeme, au katika kozi fupi ya chuo cha ufundi stadi. Hahitaji kulipwa sana. Anahitaji kupewa kazi halisi na mtu wa kumwambia ukweli. Shule zinaweza kuratibu hilo kwa barua moja ya utambulisho. Halmashauri zina ofisi za kilimo, afya, ujenzi na maji ambazo hazikosi kazi za mikono ya vijana.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, walezi na walimu wabadilishe swali. Acheni kumuuliza kijana anataka kuwa nani, kwa sababu hajui na mnamfundisha kudanganya. Muulizeni atajaribu nini kabla ya Julai, kwa muda gani, na nani atamsimamia. Nawe kijana unayesoma safu hii ukiwa na fomu mbele yako, usione haya kwamba hujui. Aibu ni kufika Julai ukiwa bado hujui, na hakuna kazi hata moja uliyoigusa.