Mwanafunzi wa Ufamasia si Kibarua wa Duka

MWANAFUNZI wa ufamasia amalizapo mafunzo ya vitendo katika duka la dawa, mfamasia msimamizi huulizwa kama ameridhika naye. Akijibu kwamba ameridhika, chuo hufurahi na shauri huishia hapo. Lakini swali lililo muhimu zaidi ni hili: ameridhika na nini?

Yuko msimamizi anayeridhika kwa sababu mwanafunzi aliwahi kufika kila asubuhi, alipanga makasha rafuni, alipokea fedha za wateja bila upungufu, wala hakudai ujira. Huyo ameridhika kama tajiri aliyepata kibarua wa bure. Yuko na mwingine anayeridhika kwa sababu mwanafunzi alimsikiliza mgonjwa, akamweleza dawa yake mpaka ikaeleweka. Huyo ameridhika kama mwalimu. Katika fomu, wote wawili huweka alama ile ile. Kwa Taifa, tofauti yao ni kubwa mno.

Mfano ni malaria. Mtu mzima hupewa vidonge 24 vya dawa ya mseto, ameze vinne vinne mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku tatu. Wagonjwa wengi hupata nafuu kabla ya dozi kwisha. Asiyeambiwa kwamba dawa hiyo huliwa pamoja na chakula, na kwamba nafuu si kupona, huenda akaviweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya homa nyingine. Vivyo hivyo, mteja asiye na cheti cha daktari huomba vidonge vichache vya antibiotiki, kadiri ya fedha alizo nazo. Kumkatalia kwa heshima, na kumwelekeza zahanati, ni ujuzi usiopatikana darasani. Mwanafunzi huupata kwa kumtazama msimamizi wake. Msimamizi akiuza, mwanafunzi naye atajifunza kuuza, na vijidudu sugu vitazidi kuongezeka.

Elimu ya ufamasia ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, lililotaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na mwajiri wake atoe maoni juu yake. Utaratibu huo ulikwisha koma, lakini hekima yake ingali hai: neno la aliyemwona kijana kazini lina uzito ambao mtihani wa karatasi hauwezi kuwa nao. Hata hivyo, neno hilo huwa na uzito pale tu msemaji anapojua anachoulizwa.

Wasimamizi nao wasilaumiwe peke yao. Msimamizi anayeletewa mwanafunzi bila kuelezwa mwanafunzi huyo anatakiwa kujua nini, na asiyetembelewa na mhadhiri hata mara moja, ametwishwa mzigo wa chuo bila msaada wa chuo. Vyuo havina budi kumpa orodha ya stadi, kumtembelea dukani, na kuyasikiliza malalamiko yake hata yanapovichoma. Mwanafunzi naye aulizwe alichofundishwa, kwani kuridhika kwa upande mmoja si ushahidi kamili.

Baraza la Famasi, linaloisimamia taaluma hii kwa Sheria ya mwaka 2011, na vyuo vyenyewe, hawana budi kuhakikisha kwamba wanafunzi hawapelekwi katika duka ambalo cheti cha mfamasia kimetundikwa ukutani ilhali mwenyewe haonekani. Wenye maduka nao watambue kwamba saa moja ya kumfundisha kijana si hasara ya biashara.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanafunzi aliye nyuma ya kaunta leo, kesho atakabidhiwa peke yake dawa za mama mjamzito na mtoto mchanga. Msimamizi na aseme ameridhika siku atakapokuwa tayari kumwacha kijana huyo amhudumie mtoto wake mwenyewe.