Mama Huyu Hakuuita Moto

Barazani na Bi Mwanahamisi

Mtu anayesimama mbele ya mwanamke aliyeunguliwa na mtaji wake wote, akamwambia kwamba moto ule aliuita mwenyewe kwa mawazo yake, asipewe kipaza sauti. Asipewe hata kama suti imemkaa, hata kama ana wafuasi wengi Instagram, hata kama watu hutoka ukumbini kwake wakifuta machozi ya furaha. Huo ndio msimamo wangu wiki hii na sitaulegeza.

Jumamosi nilikuwa katika hoteli moja ya Sinza kwa ajili ya binti wa dada yangu. Mnamjua. Ndiye yule fundi cherehani wa Mwananyamala ambaye kila nikimtaja mnaniletea ujumbe mkiomba namba yake, nami nawajibu kila mara kwamba ameshaolewa. Siku hizi binti huyu anayavuta maisha anayoyataka, ndivyo wanavyosema wenyewe. Anaandika sentensi moja daftarini mara tatu asubuhi, mara sita mchana na mara tisa usiku: kwamba tayari anamiliki duka la nguo Mlimani City. Ukutani, juu ya cherehani, amebandika ubao wa ndoto wenye gari jeupe na nyumba ya ghorofa. Vitambaa vya wateja vimelala kwenye mfuko vikisubiri mkasi.

“Mama mdogo, nisindikize siku moja tu, utaelewa,” akaniambia. Nikaenda. Kiingilio shilingi 60,000, humo mna chai ya saa nne na cheti.

Nitasema haki: kocha yule anajua kuongea. Alizima taa, akaweka muziki wa filimbi, akatuambia tuweke mkono kifuani na kumtafuta “wewe halisi”, yule aliyekuwapo kabla ya shule, kabla ya wazazi kutuambia hatuwezi, kabla ya umaskini. Ukimpata huyo, alisema, ulimwengu wote utakupangia njia, maana fedha, mume, afya na cheo huja kwa mtu anayetetema sawasawa navyo. Wanawake walilia, na sikuwacheka wala siwacheki sasa. Wengi mle ndani hakuna aliyewauliza wanataka nini tangu waolewe. Akitokea mtu wa kuwauliza, hata kwa kulipia, machozi lazima yatoke. Mtu kujitafuta ni haki yake, nami naitetea.

Kisha yakaja maswali. Akasimama mama mmoja wa makamo, kitenge chake safi, sauti ya chini. Akaeleza kwamba alikuwa na meza ya viungo Soko Kuu la Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua, na meza yake ikaenda na iliki, karafuu, bizari na mkopo ambao bado alikuwa anaulipa. Tangu hapo anauza kwa beseni kando ya barabara. Swali lake lilikuwa fupi: afanye nini ili asimame tena?

Lile soko, mnajua, ni kazi ya Beda Amuli, msanifu wetu, lilifunguliwa mwaka 1975, na watu wa umri wangu tulipelekwa pale na mama zetu kushangaa lile paa. Lilipoungua, jiji zima lililia. Mama huyu alikuwa na sababu ya kulia zaidi yetu.

Kocha akamtazama kwa huruma. Akamuuliza: “Mama, kabla ya moto, ulikuwa unaogopa kupata hasara?” Mama akasema ndiyo, alikuwa na deni, angeachaje kuogopa. Kocha akageukia ukumbi. “Mnaona? Hofu ni ombi. Aliomba, akapewa.” Watu wakapiga makofi. Yule mama akakaa, akafungua daftari lake, akaandika.

Nilinyoosha mkono. Kijana wa tisheti akaja kuniambia muda wa maswali umekwisha. Mapumziko ya chai nikamfuata yule mama kwenye ngazi, nikamwambia asiyabebe maneno yale. Akanijibu: “Labda ni kweli, dada. Siku zile nilikuwa naogopa mno.”

Moto ule uliteketeza mali za mamia ya wafanyabiashara. Kwa hesabu ya kocha, wote waliogopa usiku mmoja, kwa kipimo kimoja? Na waliokuwa na deni na hofu sokoni Ilala, mbona wao hawakuungua? Fundisho la namna hii hutungwa na watu ambao hawajawahi kudaiwa, kisha likauzwa kwa wanaodaiwa. Ukifanikiwa, kocha ndiye aliyekuonyesha njia. Ukianguka, kosa ni lako, hukuamini vya kutosha, rudi ulipie tena.

Lililonichoma zaidi lilikuja saa sita. Kocha alisema maarifa haya ni hekima ya mababu zetu wa Kiafrika ambayo wakoloni waliificha. Jamani. Fundisho hili lina vitabu vyake na miaka yake, na havikutoka Kondoa wala Kilwa. Lilianza Marekani, katika jimbo la Maine, karne ya 19, kwa fundi saa aitwaye Phineas Quimby aliyedai kwamba magonjwa yanakaa katika imani ya mgonjwa. Wallace Wattles akalipeleka kwenye fedha katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu sayansi ya kutajirika. Mwaka 2006 mtayarishaji wa televisheni kutoka Australia, Rhonda Byrne, aliyevutwa na kitabu hicho cha Wattles, akatoa filamu na kitabu cha *The Secret*, na dunia nzima ikaanza kubandika picha za magari ukutani. Kocha anatuambia turudi kwenye asili yetu, kisha anatukabidhi karatasi za Wattles zilizotafsiriwa.

Mmoja wa walimu waliotokea kwenye filamu ile, James Arthur Ray, mwaka 2009 aliwaingiza wafuasi wake katika hema lenye joto kali karibu na Sedona, Arizona, wajishinde na kuzaliwa upya. Walikuwa wamelipa karibu dola 10,000 kila mmoja. Watatu walikufa. Mwaka 2011 mahakama ikamtia hatiani kwa kuua kwa uzembe. Sijui kama kuna aliyethubutu kuwaambia wale wafiwa kwamba ndugu zao waliliita lile joto.

Na hata huko ughaibuni, waliolipima fundisho hili wamelikuta na kasoro. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, alishiriki kuwafuatilia wahitimu wa vyuo nchini Ujerumani, utafiti ukachapishwa mwaka 2002. Wale waliokuwa wakijichorea kichwani picha tamu za kazi nzuri inayokuja bila tabu, baada ya miaka miwili walikuwa wametuma maombi machache, wameitwa kazini mara chache, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao. Walikuwa wameshiba harufu ya pilau. Naufikiria ule mfuko wa vitambaa pale Mwananyamala.

Turudi kwa binti yetu, maana kuna jambo nililigundua ndani ya daladala tukirudi. Ameacha kikoba, kile kikundi chake cha kuweka akiba na kukopa. Kocha amewafundisha kwamba kina mama wanaokaa chini ya mwembe wakihesabu sarafu wana mtetemo wa umaskini, na kwamba mtu akitaka kukutana na nafsi yake halisi lazima aondokane na watu wa namna hiyo. Kwa hiyo hanunui hisa tena, na simu za mwenyekiti hapokei.

Kikoba hicho ndicho kilichomnunulia cherehani! Mfuko wake wa jamii ndio uliomzika mama mkwe wake. Sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Mtindo huu wa vikundi ulianza na wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, shirika la CARE likiwasaidia kuupanga, ukaenea bara zima. Kama kocha anataka kitu kilichokuzwa na Waafrika wenyewe, ndicho hicho, na ndicho anachowaambia watu wakikimbie. Alipomtaka binti huyu amtafute yule aliyekuwapo kabla ya kufundishwa na mtu yeyote, alisahau kwamba hata kushona alifundishwa na mama yake. Ukimwondolea mama, shangazi, wateja na wenzake wa kikoba, ukumbini anabaki mtu asiye na wa kumuuliza ila kocha.

Fundi anayeunga umeme nyumbani kwako anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA. Muuguzi anayekuchoma sindano ameandikishwa kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayeingiza mkono ndani ya moyo wa mwanamke aliyefilisika anahitaji tu kukodi ukumbi na kuchapa bango. Nawauliza wenye mahoteli: mnajua kinachosemwa mle ndani mkishapokea malipo ya ukumbi?

Awamu ya pili ni mwezi ujao, ada shilingi 150,000, na binti wa dada yangu ameniomba nimkopeshe. Akitaka fedha za uzi, zipu na faini ya kikoba, aje kesho asubuhi, nitampa bila kuandikiana. Za awamu ya pili sitoi, mpaka siku kocha atakapomwomba radhi yule mama wa viungo, mbele ya ukumbi uleule uliopiga makofi.