Boti ya Unguja na mama mwenye pasipoti ya bluu

Tangu tutoe kile kipindi cha likizo za nyumbani, swali linalorudi kila wiki ni la boti. Nikishuka Dar nataka kuvuka Unguja: napanda wapi, bei gani, nahitaji pasipoti au hapana, si ni Tanzania hiyohiyo jamani?

Ndiyo, ni Tanzania hiyohiyo, tangu tarehe 26 Aprili 1964. Lakini wewe uliyezaliwa Dallas au Houston na una pasipoti ya bluu, panga safari kama unavuka mpaka. Hilo nalisema mapema kwa sababu nusu ya matatizo niliyoyasikia yanatokana na mtu kuambiwa na anko wake "aah, ni boti tu, unapanda unashuka." Anko anaonyesha kitambulisho chake cha NIDA anapita. Wewe sio anko.

Sisi watu wa Texas tuna mfano mbaya kichwani. Ukishuka I-45 mpaka mwisho, Galveston, kuna kile kivuko cha kwenda Bolivar. Unaingia na gari, hulipi hata senti, dakika 18 hivi unatupia ndege mikate, umefika. Wenzetu wa Mombasa nao wana Likoni, ambako anayetembea kwa miguu halipi kitu. Dar mpaka Unguja ni jambo lingine. Ni kilomita 70 na kitu za bahari ya wazi, boti ya kasi inachukua kama saa mbili, na ukishuka bandari ya Malindi unakutana na dirisha la Uhamiaji. Uhamiaji ni jambo la Muungano, viza yako ya Tanzania ndo hiyohiyo inayotumika Zanzibar, hulipii ya pili. Ila pasipoti utaitoa. Usiiache kwa shangazi Sinza eti isipotee.

Sasa nije kwa barua iliyonifanya niandike haya. Dada mmoja wa hapa Garland anakwenda na mama yake na kaka yake mkubwa. Mama amezaliwa Ng'ambo, Unguja (mtaa unaitwa Ng'ambo, na leo mwenyewe anaishi ng'ambo, hebu ona lugha ilivyo na utani). Ana miaka mingi Texas, uraia wa Marekani alishachukua. Bibi yao bado yuko Unguja, umri umekwenda, na kwenye simu siku hizi anauliza mara mbili mbili anaongea na nani. Wana siku 10 za likizo. Dada anauliza bei ya tiketi tu. Lakini chini kabisa kaandika hivi: mama anasema yeye atalipa ya Watanzania, kwa sababu yeye ni Mzanzibari.

Hapo ndo penye kazi, dada yangu, kuliko bei.

Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mama alipokula kiapo hapa, kule alitoka. Wakenya katiba yao ya 2010 iliwafungulia mlango huo, ndo maana jirani yako Mkenya anakucheka. Sisi tunasikia habari za hadhi maalum ya diaspora, lakini hadhi hiyo si uraia. Kwenye dirisha la boti mama ni mgeni. Atazungumza Kiswahili cha Unguja safi kuliko huyo kijana aliye ndani ya kioo, na kijana atamwambia kwa adabu zote, "Samahani mama, pasipoti hii ni ya nje."

Naomba asiyasikie hayo kwa mara ya kwanza pale bandarini, jua linawaka, watu 40 nyuma yake, wanawe wanamtazama. Mwambieni hapa hapa Garland, mezani, chai ipo. Atakasirika, na ana haki. Acheni akasirike nyumbani. Wengine watakushauri mama ajipenyeze, maana sura yake na lafudhi yake vinampitisha, au binamu amkatie kwa jina la mtu mwingine. Mimi nakataa, na si kwa sababu ya uchamungu. Jina la kwenye tiketi linatakiwa lifanane na la kwenye kitambulisho. Likigoma, mama mwenye presha anasimamishwa pembeni na kuhojiwa kama mwizi njiani kwenda kwa mama yake mzazi. Ile tofauti ya nauli haifai fedheha hiyo.

Haya, hesabu. Viza kwa mwenye pasipoti ya Marekani ni dola 100, ya mwaka mmoja, kuingia mara nyingi. Wengine wanalipa 50, sisi 100, na mtoto naye 100. Ombeni mtandaoni kabla ya kuondoka, kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, maana kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinaongeza cha juu.

Halafu bima. Hii ndo inawashtua wengi kwa sababu ni mpya: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inafanya kazi mpaka siku 92. Bima uliyonunua Texas, hata iwe nzuri namna gani, haichukui nafasi yake. Inalipwa mtandaoni, unapata karatasi yenye msimbo wa kuskani. Ichapisheni. Simu inaisha chaji, na bandari si mahali pa kuomba soketi.

Boti kwa mgeni imezoeleka kuwa dola 35 daraja la kawaida, kwenda tu. Wananchi wanalipa kwa shilingi, chini ya hapo sana. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazotaka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, kwa hiyo usiruke ukitajiwa maelfu. Gawanya kwanza.

Kwa hao watu watatu: viza 300, bima 132, boti kwenda na kurudi 210. Jumla dola 642, kabla hamjanunua hata urojo. Hiyo ni juu ya nauli ya ndege kutoka DFW. Ndo maana nasema iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikala zile hela mlizotenga za daktari wa bibi.

Na mimi ningeuliza swali jingine kabla ya hilo la boti: kwa nini mshuke Dar kabisa? Kutoka DFW Qatar Airways wanakwenda Doha, na Doha kuna ndege ya Zanzibar moja kwa moja. Kama ndugu wote wako Unguja na siku ni 10, linganisheni bei. Tofauti ikiwa ndogo kuliko boti ya watu watatu na usiku mmoja wa hoteli ya Dar, basi boti itakuwa ya siku ya matembezi. Ila barua inasema kuna kaburi la babu Kinondoni la kuzuru na mjomba Temeke. Sawa, boti ipo.

Tuelewane kuhusu saa. Tiketi imeandikwa 09:30. Shangazi akipiga simu atasema "boti ya saa tatu na nusu," na yuko sahihi. Wewe ukimwambia mjomba "tunaondoka saa tisa na nusu" atakuja kuwachukua alasiri. Kila familia ya kwetu ina hadithi hii. Kwenye kundi la WhatsApp andikeni kwa tarakimu NA kwa maneno: 09:30, saa tatu na nusu asubuhi. Fikeni saa nzima kabla. Bandari ya boti Dar iko pale mjini karibu na kanisa la Mtakatifu Joseph, na foleni ya kutoka uwanja wa ndege haina huruma. Usipange ndege ishuke asubuhi halafu boti ya mchana siku hiyohiyo na mtu mzima ambaye hajalala tangu Doha.

Pale nje kuna vijana watakaowadaka mizigo na kusema ofisi ya tiketi imehama. Haijahama. Unguja vijana wa namna hiyo wanaitwa mapapasi, yaani kupe, na jina limewakaa. Tiketi nunueni mtandaoni au ndani ya ofisi yenyewe. Mizigo ya boti ina kiwango, na yale mabegi yetu mawili mawili ya pauni 50 yatalipiwa ziada; mengine yaacheni kwa mjomba. Kingine: mkirudi Dar na bidhaa mpya kutoka Unguja, televisheni na kadhalika, forodha wanaweza kuwadai ushuru. Wazanzibari wanaliimba hilo miaka yote kwenye orodha ya kero za Muungano.

Bahari. Hapa wazazi wetu wanaogopa na hawaogopi bure. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita kiasi, na hakuna familia ya visiwani isiyomjua mtu aliyekuwemo. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, njia hiihii. Hiyo Skagit ilitoka kwetu Marekani: ilijengwa 1989 na ilikuwa ikivusha watu wa Seattle kwenda kisiwa cha Vashon, maji ya ndani yaliyotulia, kabla haijauzwa. Julai kwenye mkondo wa Zanzibar si Seattle.

Na Julai ndo likizo ya shule Texas. Wengi wetu tunasafiri Juni mpaka Agosti, yaani katikati ya kusi, upepo unaotoka kusini na kuamsha mawimbi. Unguja iko kaskazini ya Dar, kwa hiyo kwenda upepo unawasukuma mgongoni, mnasema mbona rahisi. Kurudi mnaukabili usoni. Abiria anayetapika ni wa kurudi. Boti za kasi za sasa, zile Kilimanjaro za Azam, baadhi zimejengwa Tasmania kwa ajili ya bahari ya wazi, na mimi binafsi ningempandisha mama yangu bila wasiwasi wa kuzama. Wasiwasi wa kutapika ni mwingine. Kaeni chini, nyuma au katikati, msikae mbele kwa ajili ya picha. Dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla ya kupanda. Ukishaanza kujisikia vibaya umechelewa. Chagueni boti ya asubuhi, upepo mara nyingi unazidi mchana. Mama akiwa anatumia dawa za presha, amuulize daktari wake hapa kabla ya kuchanganya.

Wanaoweza kwenda Desemba au Januari wanakuta kaskazi, bahari ni tulivu zaidi, lakini boti zinajaa kuelekea mwaka mpya na tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi. Idd nayo msijaribu kufika bila tiketi mkononi. Na kwa wasikilizaji wetu Wakongo mnaotaka kuunganisha Lubumbashi au Bukavu na Zanzibar katika safari moja: kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, kwa sababu mnatoka nchi yenye ugonjwa huo.

La mwisho ni siku. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini siku ya upepo mkali boti kuahirishwa si nadra. Kwa hiyo ndege yenu ya kurudi DFW isiwe siku moja na boti ya kurudi Dar. Laleni Dar usiku mmoja. Najua inauma, maana ni usiku mmoja mdogo kwa bibi. Ukatoeni kwa kina mjomba upande wa Dar, si upande wake.

Kwa dada wa Garland, siku 10 ningezigawa hivi: mbili zinakwenda na ndege, moja Dar ya kupumzika na kuzuru kaburi, sita Unguja, moja Dar ya kungojea ndege, hapo ndo mle chakula kwa mjomba. Vukeni siku ya tatu na boti ya asubuhi. Bibi mwambieni mnafika jioni, ili boti ikichelewa asikae barazani tangu adhuhuri akiuliza mtu gani anakuja.

Na pasipoti ya mama ishikwe na kaka mkubwa, pamoja na karatasi za bima zote tatu, kwenye bahasha moja. Dirishani aongee kaka.